Asiyejibu Ameandikwa

Mlandege, kumi la mwisho la Ramadhani, si pahala pa kumtafuta mtu umpende. Kila mmoja ana lake. Wanawake wanagombania madera ya Sikukuu, watoto wanavutwa mikono kwenda kupimishwa viatu, wauza tende wameteremka mpaka katikati ya njia, na gari ikitaka kupita dereva anatazamwa kama aliyekosa adabu. Katika vurumai hiyo, baada ya sala ya Alasiri, koo zimekauka na watu wameanza kununa, ndipo Nadhira Hamid alipoamua kuingia duka la Mahfoudh kumuuliza masuala.

Duka lenyewe jembamba, watu wawili wanene hawapishani. Lakini harufu yake unaikuta njiani kabla hujaliona: udi, ubani, mawardi, mafuta ya asumini katika vichupa vidogo vilivyopangwa hadi dari. Mahfoudh alikuwa amesimama nyuma ya meza na kanzu nyeupe, mikono ameikunja, kofia ameivaa upande kidogo. Kijana mtanashati, wala hajui, au anajua na anajifanya hajui. Alikuwa anapima udi kwa mikono miwili na kujibu wateja watatu kwa mdomo mmoja.

Nadhira alisubiri zamu yake kama watu. Baibui lake lilikuwa na nakshi za fedha mikononi, mtandio rangi ya ndimu, miwani, na chini viatu vya raba, kwa sababu kazi yake ni ya kutembea. Kifuani amekumbatia kishikwambi. Zamu yake ilipofika Mahfoudh akamuuliza anataka kununua nini, akasema hanunui. Akamuuliza basi anauza nini, akasema hauzi.

"Nna masuala tu," Nadhira akasema.

"Bibi, mimi nimefunga. Usinifanye nikaghadhibika."

"Na mimi nimefunga. Kwa hivyo tutakwenda taratibu."

Akamweleza. Yeye yumo katika kikundi cha watafiti wanaochunguza namna watu wanavyoamua mambo yao ya riziki: kwa nini mtu ananuia kuweka akiba na haweki, kwa nini anatoka nyumbani kwenda kununua sabuni akarudi na pazia. Kikundi hicho kiliwasaidia wauzaji wa Mlandege kuanzisha mfuko wao, ili mwenzao akiuguliwa au duka likiungua pawe na pa kukimbilia. Kila duka lilipelekewa barua. Nusu ya maduka yaliambiwa, anayetaka kuingia ajibu. Nusu nyengine yaliambiwa, asiyetaka ndiye ajibu, na asiyejibu ataandikwa ndani. Watafiti walitaka kuona kimya cha watu kitawapeleka wapi. Mahfoudh alikuwa katika nusu hiyo ya pili.

"Wewe hukujibu," Nadhira akasema.

"Sikujibu."

"Basi umeandikwa."

"Nimeandikwa na nani?"

"Na kimya chako."

Wateja wakacheka. Mahfoudh naye akacheka, kisha akamtazama vizuri huyu bibi mwenye miwani na kumuuliza kama yeye mwenyewe anaona hiyo ni haki. Sasa Nadhira alikuwa amefundishwa, tena kwa mkazo, kwamba mtafiti hatoi rai yake mbele ya anayemuuliza. Akaitoa.

"Ingekuwa mimi, mtu akinyamaza simwandikii kitu. Kimya si ndiyo."

"Maneno hayo," Mahfoudh akasema polepole. Akaweka mizani chini. "Basi niache humo humo kwenye mfuko. Lakini andika kuwa nimesema kwa mdomo wangu."

Nadhira akaandika, na mkono wake ukakosea herufi. Alipokuwa anatoka Mahfoudh akachovya kijipamba katika mafuta ya asumini, akakifunga kwenye karatasi, akamwambia apake akishafuturu. Nadhira akakitia ndani ya mfuko wa kishikwambi akakisahau. Asubuhi yake ofisi nzima ilinukia, na Tahiya, mwenzake wa meza ya pili, akauliza hapa nani kaolewa.

Barua ile ya mfuko ilikuwa na nambari ya simu chini, kwa mwenye suala. Sikukuu ilipopita tu, Mahfoudh akawa na suala.

Alipiga jioni, Nadhira akapokea kwa sauti yake ya kazini. Mahfoudh akasema ana suala kuhusu mfuko. Nadhira akamwambia aulize.

"Huyu anayeuliza wenzake masuala kutwa, mwenyewe keshakula?"

Nadhira akasema hilo halimo katika barua. Mahfoudh akasema basi barua ina upungufu, na yeye kama mwanachama analalamika. Wakaanzia hapo. Kesho yake alikuwa na suala jengine, na keshokutwa jengine, na mwisho wakaacha kujisumbua kutafuta visingizio. Yeye akimwita Bi Masuala, na Nadhira akimwita Mwanachama, mpaka siku moja katikati ya kicheko Mahfoudh akasema "roho yangu" na wote wawili wakaendelea na mazungumzo kama hapakutokea kitu. Lakini Nadhira siku ile alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi.

Walionana kwa heshima, panapo watu. Wakati mmoja Nadhira na Tahiya walikwenda Kidichi kuwauliza wakulima wa viungo, na Mahfoudh, kwa bahati aliyoipanga mwenyewe, akawa kule kununua maua ya mlangilangi. Wakakaa watatu kwenye gogo wakamenya machungwa. Nadhira akamweleza mchezo mmoja wa kazini kwao: unampa mtu chungwa moja sasa hivi, au akisubiri mpaka mmerudi kuzunguka shamba anapata matatu, unaangalia atachagua nini. Mahfoudh akachukua lile moja, akalimenya, akatoa mbegu, akampa yeye.

"Hilo chaguo halimo," Nadhira akasema.

"Litie," Mahfoudh akajibu. Tahiya akainuka akasema anakwenda kuangalia karafuu, wakati msimu wenyewe haujafika.

Ulipofika Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, wauzaji wakaitwa ukumbini wasomewe kilichoonekana mpaka hapo. Nadhira ndiye aliyesimama mbele. Alivaa gauni refu la buluu na mtandio wa rangi ya maziwa, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni bila ya spika. Aliwaambia kwamba watu wengi hawajibu, ukiwaambia asiyejibu yumo wamo, na ukiwaambia asiyejibu hayumo hawamo. Kwa hivyo anayeandika barua ana nguvu kubwa juu ya watu na wao hawajui. Kisha akaacha karatasi zake.

"Nakuombeni kitu kimoja. Mkimuuliza mtu akanyamaza, msimwandikie ndiyo. Huenda hakusikia. Huenda anaogopa. Huenda hana pahala pa kusemea hapana yake."

Watu wakapiga makofi. Mahfoudh, safu ya tatu, alipiga makofi mpaka jirani yake akamgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa na sababu. Mama yake, Bi Zuleikha, Mungu amrehemu, aliwahi kumwambia akiwa mgonjwa kwamba siku alipoulizwa kama anamkubali baba yake Mahfoudh alijifunika kanga mdomoni akanyamaza, na watu wakapiga vigelegele, na hapana hata mmoja aliyejua kwamba alinyamaza kwa khofu. Akaishi na mume ambaye yeye hakumtaka mpaka alipomzika. Mahfoudh hajapatapo kumwambia mtu habari hiyo. Siku ile ukumbini aliona kama kuna mtu kaisema kwa niaba ya mama yake, na mtu huyo ndiye anayempenda.

Jioni akampigia. Baada ya maneno ya hapa na pale akamuuliza, je, akileta watu nyumbani kwao itakuwaje. Moyo wa Nadhira ukaruka.

"Watu wakija nyumbani hupokewa," akasema.

"Hilo si jibu, Bi Masuala."

"Hilo halijibiwi kwenye simu, Mahfoudh. Lina pahala pake."

Mahfoudh akacheka, akaona anatongozwa vizuri. Baadaye sana ndipo maneno hayo yalipomrudia na kumkosesha raha.

Iddi Kubwa ilipokwisha, Ami Usi, ndugu wa baba yake Mahfoudh, akavaa joho lake, akachukua wazee wawili, wakaenda Malindi nyumbani kwa Mzee Hamid kuposa. Walipokewa kwa kahawa na halua na maneno mazuri. Mzee Hamid akasema kama isemwavyo, kwamba mtoto ni wao, ila wampe muda amuulize mwenyewe.

Mama yake Nadhira alikufa zamani, kwa hivyo aliyemuuliza ni shangazi aliyemlea, Bi Mwanakheri. Alimkuta chumbani anakunja nguo. Akakaa kitandani, akamshika mkono, akamwambia wamekuja watu wa Mahfoudh, yule kijana wa udi, je, anasemaje.

Jamani, huyu ndiye yule aliyesimama mbele ya Mlandege nzima. Akainamisha kichwa. Akavuta upindo wa kanga akajifunika mdomo. Alitaka kusema ndiyo mpaka wa barazani wasikie, lakini furaha ilimjaa kifuani ikaziba njia, na haya zikamshika ambazo hakujua kama anazo. Huku kwetu msichana akiulizwa habari hii akanyamaza, amekubali, na kila mtu anajua, na Nadhira alijua kuliko wote. Hakukumbuka ukumbi, hakukumbuka utafiti. Alikuwa msichana wa Malindi aliyeulizwa habari ya mtu anayempenda. Akanyamaza.

Bi Mwanakheri akapangusa machozi akatoka kwenda kutoa habari. Aliporudi akaichukua simu ya Nadhira na kuifungia kabatini mwake. Alimwambia sasa ushaposwa, mambo yako mikononi mwa wazee, si vizuri kuchekeana na mtu kwenye simu kabla ya kuagana mahari. Zamani ilikuwa hivyo na yeye ataka iwe hivyo. Nadhira akaona raha hata ya kukatazwa. Ya kazini akamalizana na Tahiya ana kwa ana.

Ami Usi alirudi Mlandege na bakuli la halua na uso unang'ara. Akamkuta Mahfoudh anafunga duka, akampa habari kwamba mambo ni kheri tupu. Mahfoudh akamuuliza Nadhira kasema nini.

"Kasema nini vipi? Kanyamaza."

"Kanyamaza?"

"Kanyamaza kimya kabisa, mashaallah. Kalelewa yule."

Na hapa ndipo ninapotamani ningekuwapo nimfinye sikio. Badala ya kuipokea halua, Mahfoudh alikaa juu ya kigoda uso umemwisha rangi. Akampigia simu Nadhira, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena baada ya Magharibi, ikaita mpaka ikakata. Kesho yake ilikuwa haipatikani, chaji imekwisha ndani ya kabati la Bi Mwanakheri. Kila alivyopiga, maneno ya ukumbini yalikuwa yanamrudia. Huenda anaogopa. Huenda hana pahala pa kusemea hapana yake. Akamwona mama yake na kanga mdomoni. Akajiambia Nadhira kapendezwa na mazungumzo tu, ndoa haitaki, na sasa baba mtu kashikilia na shangazi kapiga vigelegele na yeye Mahfoudh ndiye aliyewasha moto wote.

Akaenda kwa Ami Usi akamwomba arudi Malindi akasimamishe posa. Ami Usi alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza kama anamtuma akaitie aibu nyumba ya Hamid, nyumba iliyompokea kwa mikono miwili.

"Ami, mwenyewe hakusema ndiyo."

"Mama yako hakusema. Shangazi zako hawakusema. Hapana mwanamke katika mji huu aliyesema."

"Basi huenda wapo waliotaka kusema hapana."

Ami Usi akalichukua joho lake. Alimjua marehemu shemeji yake vizuri kuliko alivyopenda kukiri. Akalivaa, akaenda.

Kule Malindi alijitahidi kuyapaka maneno asali. Kijana anaomba wasimame kidogo, hana baya, anataka tu bibi apate nafasi ya kufikiri. Lakini maneno hayo hata ukiyapaka nini, posa ni posa na kuirudisha ni kuirudisha. Mzee Hamid alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe cha kahawa chini. Akasema anampa kijana mpaka Ijumaa. Ijumaa watu wakitoka msikitini pasipokuwa na neno, mlango huo ameufunga, na asije akaugonga tena maisha.

Nadhira aliyasikia ukumbini kwao, nyuma ya pazia. Hakulia palepale. Aliingia chumbani, akaomba simu yake, akaitia chaji, akaona Mahfoudh alivyompigia na kumpigia. Akaelewa moja tu: kwamba kabla hajamtuma ami yake alitaka kumwambia mwenyewe kuwa kaghairi. Kila mtu na akili yake anaelewa kile anachokiogopa. Akaizima simu, na hapo ndipo alipolia.

Siku mbili tatu alizokuwa Kendwa na Tahiya, wakiwauliza wafanyakazi wa mahoteli wanavyogawana bahashishi, alifanya kazi vizuri ila hakucheka hata wageni walipoteleza kwenye mchanga wakaanguka na sahani zao. Tahiya alimwambia arudi akamuulize yule mtu. Akamwambia wewe kazi yako kuuliza, mbona huyu humuulizi.

"Nikamuulize mwanamme kwa nini hanitaki?" Nadhira akasema.

"Muulize lolote. Lakini umuulize."

Alkhamisi wakarudi mjini. Siku hiyo ilikuwa ya duru ya mwisho Mlandege, kuwauliza wale ambao hawakujibu barua kwa nini hawakujibu. Tahiya alijitolea kuchukua upande wa duka la udi. Nadhira akasema hapana, ule upande wake na ataumaliza mwenyewe, asije mtu akasema kaikimbia kazi. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona. Alitaka amwone, amchukie, apumue.

Aliingia dukani na baibui la kila siku na mtandio mweusi. Mahfoudh, mtu wa manukato, kitu cha kwanza alichokijua ni kwamba hakujipaka chochote. Hata ubani hakufukiza. Mtu wa Unguja akitoka bila ya harufu kabisa basi ana msiba. Kwenye kona alikuwapo Bi Mashavu, mteja wake wa zamani, ananusa vichupa kimoja baada ya chengine. Nadhira akamwamkia shikamoo, Bi Mashavu akaitikia marahaba, na Nadhira akafungua kishikwambi bila ya kumtazama mwenye duka usoni.

"Jina."

"Unalijua, Nadhira."

"Nnaandika. Jina."

"Mahfoudh Masoud."

Akamuuliza barua ya mfuko aliipata. Akasema aliipata. Akamuuliza aliisoma. Akasema aliisoma, tena zaidi ya mara moja. Akamuuliza aliifahamu. Akasema vizuri kabisa. Sauti ya Nadhira ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma nambari za mita ya umeme.

"Basi kwa nini hukujibu?"

Mahfoudh hakuwa na nguvu ya kutunga kitu. Alisema kilichokuwamo.

"Kwa sababu nlikuwa nautaka. Nliona jambo zuri linanijia lenyewe, nkaona nikifungua mdomo nitaliharibu. Nkanyamaza."

Kidole cha Nadhira kikasimama juu ya kioo.

"Sema tena."

"Nlinyamaza kwa sababu..." Mahfoudh akasita. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamrudia masikioni. "Kwa sababu nlikuwa nautaka."

Nadhira akaweka kishikwambi juu ya meza, akavua miwani. Macho yake yalikuwa yameshajaa.

"Na mimi, Mahfoudh? Mimi nlipoulizwa habari yako, wewe ulidhani nimenyamaza kwa nini?"

"Nlidhani unaogopa. Nlidhani wamekulazimisha, na huna pa kusemea hapana."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ukumbini. Mbele ya watu wote."

"Nlikuwa nazungumza habari ya mfuko!"

Bi Mashavu akaacha kunusa. Mahfoudh akamwambia alimpigia simu na kumpigia. Nadhira akasema simu ilikuwa kabatini kwa shangazi, pamoja na shuka za wageni. Alidhani Mahfoudh amemchoka. Alikwenda mpaka Kendwa na kidonda hiki. Kwa nini asije, asimame mlangoni kwao, aulize? Hapo hasira yake ikapanda juu, akamwambia kwamba mwanamme anayejua kuleta ami yake lazima ajue kuleta na miguu yake. Mahfoudh hakujitetea. Alimwambia habari ya mama yake, yote, kwa sauti ya chini, kanga mdomoni, vigelegele, na miaka iliyofuata. Alimwambia kwamba alikuwa radhi amkose kuliko ampate namna ile.

Nadhira alisikiliza. Hasira haikwisha, lakini ilikaa kitako. Alifahamu kwamba katika mji mzima hapana mtu aliyeyachukua maneno yake kwa uzito kama huyu, na kwamba kwa kuyachukua hivyo amekaribia kumuua kwa majonzi.

"Haya," akasema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Niulize."

"Hapa?"

"Hapa. Si unataka kusikia? Niulize."

Mahfoudh akavua kofia, sijui kwa nini, akaishika mkononi.

"Nadhira, unanitaka?"

"Ndiyo. Nnakutaka. Nlikutaka tangu siku ya pamba. Ndiyo, Mahfoudh, ndiyo, na ukinirudisha tena nitakuja kuvunja vichupa vyako vyote."

"Na mimi nimesikia," Bi Mashavu akasema kutoka kona yake, "nkihitajika mnajua ninapokaa." Akachukua kichupa cha mawardi akaondoka nacho, na Mahfoudh hajamdai mpaka leo.

Mahfoudh alikaa juu ya kigoda. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na Nadhira alikuwa anamwambia aache, watu wanapita, huku na yeye anafanya vilevile. Mzigo wa siku zile ulimtoka Mahfoudh, mara moja alihisi njaa, akakumbuka kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.

Ami Usi alipopigiwa simu hakuuliza mengi. Alisema tu mmenizeesha, akavaa joho kwa mara ya tatu. Magharibi ilimkuta barazani kwa Mzee Hamid, na safari hii Mahfoudh alikuja naye, akasimama mlangoni kichwa chini akaomba radhi mwenyewe. Mzee Hamid alimwacha asimame. Kisha akaita ndani, na Nadhira akaitika naam na kuja mpaka kwenye pazia. Baba mtu akasema yeye ni mtu mzima, hataki tena kubahatisha, je, huyu anamtaka au hamtaki.

"Nnamtaka, baba," Nadhira akasema.

Mzee Hamid aligeuza uso akaagiza kahawa. Bi Mwanakheri alisema huko ndani kwamba dunia imekwisha, lakini alisema akipasha mkaa, na kahawa ilikuja na kashata.

Ndoa ilifungwa mwezi uliofuata, nyumbani hapohapo Malindi. Wanaume walikaa uani juu ya mikeka, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, na wanawake juu, nyuma ya mapazia ya dirishani. Nadhira alikuwa na gauni la kijani la zari, piko na hina mpaka viwikoni, asumini kichwani. Safari hii alinukia mpaka uani. Bi Mwanakheri alimwomba, kwa heshima ya mama yake, kwamba baba akija kumuuliza idhini asijibu mara ya kwanza, angoje aulizwe tena, watu wasije wakasema ana pupa. Baba akaja, akauliza. Nadhira akajibu mara ya kwanza, tena kwa sauti ya ukumbini, na kule chini wanaume wakasikia wakachekeana ndevuni.

Mahfoudh alisikia pia. Ile ndiyo ya Nadhira ilimshukia ikamjaa. Kwa hivyo sheikh alipomshika mkono, akasoma hotuba, akamwozesha na kumngojea aitikie, Mahfoudh alikuwa amekodoa macho tu. Sheikh akarudia. Hakuna neno. Ami Usi akamfinya paja. Watu wakaanza kutazamana, na mwenye daftari la ndoa, mtu mwenye haraka zake, akanong'ona kwamba bwana harusi ni dhahiri amekubali, si anaonekana, akainamisha kalamu.

Pazia la juu likatikisika.

"Msimwandikie mpaka aseme."

Uani pakavunjika kwa kicheko. Mzee Hamid alifunika uso kwa viganja, mabega yanamtikisika, na sheikh mwenyewe ilibidi aangalie pembeni kidogo. Mahfoudh akainua macho dirishani, akavuta pumzi.

"Nimekubali," akasema, mpaka wa barabarani wakageuka. "Nimekubali kumuoa Nadhira binti Hamid kwa mahari tuliyoagana."

Akaandikwa.